Mtani Aliyekosea Mwendo wa Baba

Mwaka ule Wadachi walipotufyekesha vichaka vya ufuko wa ziwa Tanganyika pale Rumonge ili kuwafukuza mbung'o wa malale, baba yangu alifyeka kuliko wenzake wote, kisha akafa kwa malale. Sisemi kwamba mambo hayo mawili yalihusiana. Nasema tu kwamba wavivu wa mtaa wetu walizeeka vizuri.

Tulikaa matanga. Mama aliingia eda, akavaa nyeupe, akaketi mkekani chumbani, na tangu jeneza litoke nyumbani hakusema neno wala hakula kitu. Wanawake walimjia kwa zamu. "Kazi ya Mungu haina makosa," alisema mmoja. Mwingine akamwambia kila nafsi itaonja mauti. Mwingine tena, ambaye mumewe alikuwa nje anakula wali wetu, akasema anaujua uchungu wake. Kila mmoja alileta ugali na ndagala, dagaa wa ziwani, na kila sahani ilirudi ilivyokuja. Wadachi nao walimtuma askari aulize watu wamekusanyikia nini. Alipoambiwa ni msiba, akavua kofia, akakaa, akala. Huyo angalau hakumhimiza mama asubiri.

Mama mdogo, ndugu yake mama, aliniita uani. "Dada yangu atatufia," akasema. "Asipokula tutachimba kaburi jingine."

Nilimjibu kwamba nina kazi. Ndivyo nilivyokuwa siku zile. Nilikuwa mwanamke mzima, nina mume na mtoto. Nilitwanga, nilichota maji, niligombana na kuni. Sikuwa nimetoa chozi hata moja na nilijiona hodari.

Ndipo akaja mtani wetu. Sisi ni Wamanyema. Yeye alikuwa Mnyamwezi aliyebaki Rumonge tangu enzi za misafara, akiuza chumvi. Msibani mtani ana ruhusa ya utovu wote wa adabu: kuwacheka wafiwa, kumsimanga marehemu, hata kuvaa nguo zake. Hafukuzwi. Shida ya huyu ni kwamba hakuwa na kipaji. Alivaa kanzu ya baba, ikamfika magotini, akaanza kuzunguka uani akiburuta mguu wa kulia na kupiga kelele: "Mimi marehemu iko na njaa! Bibi yangu iko wapi?" Mwalimu wa chuo cha Kurani, aliyekuja kusoma dua, akatazama chini. Hakuna aliyecheka.

Pazia la chumbani likasogea.

"Hapana muguu ule," ikasema sauti ya mama, kavu kwa kukaa bila kutumika. "Bwana yangu alikuwa anavuta wa kushoto."

Mtani akabadili mguu.

"Na mukono? Alikuwa anashika kiuno!"

Mwenye eda hajitokezi mbele ya wanaume. Basi mama akainuka humo humo chumbani, na nyeupe yake, akaburuta mguu wa kushoto toka ukuta hadi ukuta, mkono kiunoni, huku mama mdogo amesimama mlangoni akipeleka habari nje: "Polepole! Na tumbo mbele!" Wanawake wa kazi ya Mungu hawakujua watazame wapi. Mama alikuwa amekasirika kwelikweli. Alisema jirani asiyejua mwendo wa jirani yake alikuwa akiangalia nini miaka yote.

Mtani akauliza kuhusu kikohozi. Mama akamfundisha kupitia pazia: viwili vifupi, kisha kusafisha koo kama mtu anayetaka kulalamika. Mtani akaenda nyuma ya nyumba kujizoeza. Mama akaketi, akavuta sahani, akamega ugali, akasema umepoa, akaula huku amenuna. Mama mdogo akaniminya mkono mpaka ukaniuma. Nilifurahi sana. Nikajiambia yamekwisha.

Kisha kikohozi kikaja mlangoni. Viwili vifupi, na koo.

Nilikuwa nimesimama kabla sijafikiri. Nilichukua birika la maji, nikatupa kitambaa begani, nikaenda mlangoni, nikainama nimnawishe baba mikono, kama nilivyofanya tangu utotoni kila alipokohoa mlangoni. Mikono iliyonyooshwa mbele yangu ilikuwa ya muuza chumvi. Sikuweza kuinuka pale nilipoinama.

"Kuja hapa, mwana wangu," mama akasema nyuma yangu. "Si yeye."

Alinikalisha mkekani ubavuni pake. Akamega tonge, akanitia mdomoni, mimi mwanamke mwenye mtoto, na kilio kiliponizidi akangoja nimeze, kisha akamega jingine.