Arlis Hruby na pikapu ya mdogo wake

Saa moja asubuhi, jua bado halijapata nguvu, na Arlis Hruby ameinama chini ya tumbo la farasi mwekundu. Mguu wa nyuma wa mnyama ameubana katikati ya mapaja. Anapitisha tupa kwenye ukwato, na unga mweupe unamwagikia viatu vyake. Hatua chache nyuma yake, fuawe la kupondea chuma likiwa limeshushwa chini, pikapu yake inanguruma.

Haijazimwa tangu atoke nyumbani, na hataizima mpaka arudi.

"Nikizima, sina uhakika kama itakubali kuwaka," anasema bila kuinua kichwa. "Watu wanadhani napenda kuchoma mafuta."

Mwenye ranchi, Burdette Kolar, ameshika hatamu kwa mkono mmoja na kikombe cha kahawa kwa mwingine. Amemfahamu Arlis tangu wakiwa shule ya msingi, kwa hiyo hana sababu ya kumhurumia.

"Hiyo gari ni mgonjwa wa kulazwa," anamwambia. "Ungeivalia koti jeupe kabisa."

"Shika farasi wako, Burdette."

Arlis ni mwanamke wa miaka hamsini na minane. Kazi yake ni kuwavisha farasi viatu, na huku kwenye vilima vya mchanga vya Nebraska, kazi hiyo haifanyiki bila pikapu. Karakana yake nzima imo nyuma ya gari: tanuri dogo la gesi, fuawe, vyuma, misumari. Kutoka ranchi moja hadi nyingine ni mwendo wa saa nzima, na sehemu kubwa ya barabara ni mchanga mtupu. Gari likilala, na yeye kalala. Msimu uliopita wateja wawili walichoka kumsubiri, wakampigia simu kijana wa mji wa jirani.

Tangu arudi kutoka jimbo jirani la Wyoming, ndoa yake ilipovunjika, amemiliki pikapu tatu, zote za Kimarekani, zote zikiwa mpya au karibu mpya alipozichukua. Ya kwanza ililiwa na kutu kutokea chini. Siku moja alipita kwenye tuta akasikia kishindo, na alipotazama kwenye kioo aliliona fuawe lake limekaa katikati ya barabara. Lilikuwa limetoboa sakafu ya bodi. Ya pili ilikufa giaboksi wakati waranti imeisha juzi tu. Ya tatu ndiyo hii.

"Kwa kuitazama ni nzuri," anasema. "Ina skrini kubwa kuliko televisheni ya marehemu mama. Ila kompyuta yake ikiamka vibaya, hatuendi popote."

Majina ya watengenezaji ameyataja yote, pamoja na maneno mengine ambayo gazeti haliwezi kuyachapa.

Katika duka la vyakula vya mifugo la Bruner, mji wao mdogo, wanaume hukutana kila asubuhi kubishana juu ya jambo hilohilo. Kiwanda gani kiliunda chasisi imara. Mwaka gani walianza kubana matumizi ya chuma. Injini ipi ilifikisha maili laki tatu bila kufunguliwa. Kila mmoja ana kampuni yake, aliyorithi kwa baba yake kama alivyorithi kanisa. Zamani Arlis alikuwa akibishana nao kwa sauti kuliko wote. Siku hizi ananunua chumvi ya farasi na kuondoka.

Sababu anaisema bila kuficha. Pikapu iliyozishinda zao zote ilikuwa inalala kwenye banda la mdogo wake.

Mdogo wake ni Twyla Svatek, mpishi wa shule ya Bruner, yule ambaye watoto humpenda kwa keki zake za mdalasini. Pikapu hiyo, ya kijani na nyeupe, iliundwa mwaka 1974. Ilikuwa ya baba yao, mzee Ladislav, ambaye naye alikuwa akiwavisha farasi viatu baada ya kazi za shamba. Alipofariki, Arlis alipewa fuawe na vyombo vya kazi. Twyla akapewa pikapu.

Arlis alikuja mazikoni kutoka Wyoming, akaiona imefunikwa turubai bandani kwa baba yao, akarudi zake. Miaka michache baadaye aliporejea moja kwa moja, akiwa na masanduku mawili na fuawe, akamkuta Twyla anaiendesha kwenda kazini kama kwamba wakati ulisimama.

"Iliniuma hapa," anasema, akigusa kifua kwa mpini wa nyundo. "Mimi ndiye ninayebeba chuma. Yeye anabeba nini? Unga wa ngano?"

Haikuwa hasira ya siku moja. Ibada ilipokwisha, wanaume waliizunguka pikapu ile kwenye uwanja wa kanisa, wakafungua boneti, wakapiga miluzi ya kuhusudu. Arlis alipita pembeni na gari lake jipya, na hakuna aliyegeuka. Asubuhi za baridi kali ndizo zilikuwa mbaya zaidi. Nyumba za dada hawa zimetenganishwa na reli tu, na sauti husafiri kwenye baridi. Arlis alikuwa akisimama jikoni na kikombe chake, akisikiliza.

"Nilikuwa naomba isiwake," anasimulia. "Sitanii. Naomba kabisa, kama mtu anavyoomba mvua. Aiwashe mara moja tu, ikatae, basi nifurahi. Inawaka. Kila siku inawaka. Halafu natoka nje kwenda kubembeleza ya kwangu."

Twyla alimkaribisha mara nyingi bandani kwake, hata kwa kunywa bia tu, naye hakuwahi kukanyaga. Alisema ana kazi. Alisema mgongo unauma. Ukweli, anakiri sasa, ni kwamba hakutaka kusimama karibu na gari lile na kulazimika kulisifia.

Februari iliyopita mambo yakabadilika.

Ilikuwa alasiri, upepo unapeperusha theluji mpaka barabara haionekani. Arlis alikuwa anatoka kwenye ranchi ya mbali, alikokwenda kumtibu farasi jike aliyetunga usaha ukwatoni. Katikati ya njia, dashibodi yote ikawaka taa, na skrini ikamwandikia asimame mahali salama.

"Mahali salama wapi?" anauliza hata leo. "Kulikuwa na theluji na waya wa ua."

Injini ikazimika yenyewe, hita ikafuata. Arlis akavaa aproni yake ya ngozi juu ya koti, akapiga simu ya dharura ya wilaya. Gari la kuvuta lilikuwa limekwenda kwenye lori lililopinduka barabara kuu, na lisingerudi upesi. Mwanamke aliyepokea simu anazijua familia zote za Bruner. Bila kuulizwa, akampigia Twyla.

Vioo vilikuwa vimeshaanza kuganda kwa ndani Arlis aliposikia mngurumo kabla ya kuona taa. Aliutambua papo hapo. Anasema kwa muda mfupi alitamani aje mtu mwingine yeyote, hata kama ingebidi asubiri zaidi.

Twyla alishuka, akafunga mnyororo, akamfungulia dada yake mlango wa abiria, akampa chupa ya kahawa. Hakusema lolote kuhusu gari.

"Angenicheka ningemshukuru," anasema Arlis. "Alinyamaza. Hapo ndipo nilipojiona mdogo kuliko yeye."

Ndani kulikuwa na joto la kuchoma magoti, na harufu ileile ya oili na tumbaku ya baba yao. Pikapu ya miaka hamsini ilikuwa inaivuta ile yenye skrini, taratibu, bila kusita hata kwenye mlima. Arlis akavumilia mpaka wanakaribia mji, kisha akashindwa.

"Baba alikupa wewe gari hii kwa sababu mimi niliondoka," akamwambia. "Ilikuwa adhabu yangu."

Twyla akabadilisha gia. "Ndivyo unavyofikiri miaka yote hii?"

"Ndivyo ilivyo."

Twyla hakumpeleka nyumbani. Alikata kona, akavuka reli, akaingia bandani kwake na pikapu zote mbili zikifuatana, akawasha taa.

Arlis anasema mwanzoni hakuelewa anachokitazama. Ukutani palikuwa na rundo la vyuma limepangwa vizuri kama kuni. Injini nzima yenye ufa ubavuni. Giaboksi. Ekseli. Vipande vya sakafu vilivyoliwa na kutu mpaka vikawa kama kitambaa cha kufuma. Rejeta mbili. Kiti kilichotafunwa na panya.

"Gari ya baba ni hiyo hapo," Twyla akamwambia, akionyesha rundo. "Hii uliyopanda ni yangu. Alinipa ikiwa imekufa, dada. Ilikuwa haijawaka mwaka mzima. Wewe alikupa vitu vya kukulisha. Mimi alinipa mzoga."

Twyla alijifunza kuchomelea kwenye darasa la jioni la wakulima, baada ya kuosha masufuria ya shule. Injini aliyoweka aliitoa kwenye gari lililoungua nyuma. Sakafu aliikata na kuiunda upya kwa mikono yake, ikaoza, akaiunda tena. Kila majira ya kupukutika majani hulala chini ya gari akilipaka oili ili chumvi ya barabarani isipate pa kushika. Mumewe, anayefanya kazi ya reli na hukaa safarini, anasema kwa utani kwamba ana mume mwenza mwenye magurudumu.

Akiulizwa kwa nini hakuwahi kusema, Twyla anajibu akiwa anakanda unga jikoni shuleni, mikono nyeupe hadi viwikoni. "Nilimkaribisha aje aone. Hakuja," anasema. Halafu, baada ya kugeuza donge mara mbili tatu: "Na nilipenda wanaume wa kanisani wadhani ni bahati. Ilikuwa siri yangu nzuri."

Mtu angetarajia wivu wa Arlis uishe siku ile. Yeye anasema ulizidi.

"Zamani nilikuwa namlaumu baba. Nilikuwa nalaumu viwanda, kwamba chuma cha zamani kilikuwa chuma, cha sasa ni bati la sardini. Bado ni kweli, cha sasa ni bati. Lakini nilikaa kwenye kile kiti nikajua ninachokitamani siyo gari. Jioni zile zote mimi nilikuwa kwenye televisheni nikinung'unika, na mdogo wangu alikuwa chini ya gari na tochi mdomoni. Hapo huna wa kumlaumu. Unabaki na mwenyewe."

Kwa wiki tatu hakumpigia simu. Kisha, mwezi Aprili, akiwa kwenye ranchi ya mjane mmoja upande wa magharibi, akaona kitu kimezama kwenye nyasi nyuma ya kinu cha upepo. Ilikuwa pikapu ya aina ileile, kijani na nyeupe, ya mwaka uleule. Kuku walikuwa wanataga kwenye kiti cha dereva. Mjane akamwambia haijasogea tangu mumewe ang'oe injini. Arlis akakubali kuwavisha farasi wake viatu msimu mzima bila malipo, naye akaondoka na gofu hilo juu ya trela.

Sasa limekaa kwenye mawe nyuma ya nyumba yake. Jioni, akitoka kazini, huvua aproni, hunyoosha mgongo kwenye ngazi, kisha huchukua spana. Amevunja bolti nyingi kuliko alizofungua. Mwanzoni aliapa kufanya peke yake. Alipokwama kwenye springi za nyuma, alipiga simu kuvuka reli, akauliza swali moja na kukata.

Swali la pili Twyla hakulijibu kwa simu, alikuja mwenyewe. Akageuza ndoo, akaikalia, akaanza kutoa amri.

"Siyo hivyo. Unaivuta kama mkia wa nyumbu."

"Nimevuta mikia mingi kuliko wewe, we mtoto."

"Ndiyo maana umevunja bolti tatu."

Wamefanya hivyo tangu Mei. Chasisi imesafishwa mpaka chuma kinang'aa. Injini imepatikana, iko kwenye turubai sebuleni, na Arlis anakula chakula cha jioni akiitazama.

Lakini jambo analolisimulia kwa furaha kuliko yote lilitokea mwezi uliopita. Milango ya pikapu ya Twyla ndiyo kitu pekee ambacho hakuwahi kupata kingine cha kubadilishia. Kwa chini imejaa viraka, na kila mwaka kutu hurudi. Gofu la Arlis limekaa miaka yote kwenye mchanga mkavu, mbali na chumvi ya barabara. Siku hiyo Twyla aliinuka kwenye ndoo, akainama kwenye mlango wa dereva, akapitisha vidole ukingoni mwa chini, taratibu, kutoka mwanzo hadi mwisho. Chuma kizima. Akarudi kukaa kwenye ndoo.

"Niliuona," anasema Arlis, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi anaacha farasi asimame kwa miguu yote minne. "Naujua ule uso. Nimeuvaa mimi."

Kesho yake Twyla alimwomba wabadilishane milango, na kumwongezea rejeta mpya. Arlis alikataa. Twyla akaomba tena Jumapili, baada ya ibada. Arlis akakataa tena, kwa upole mkubwa.

Anatarajia gari litembee kabla theluji haijaanza. Ameshapanga safari ya kwanza: atapakia fuawe na tanuri, apite kwanza mbele ya nyumba ya Twyla, ndipo aje hapa kwa Kolar kuwavisha farasi hawahawa viatu vya majira ya baridi.

Kolar, ambaye amesikia yote hayo akiwa ameegemea ua, anamkumbusha kwamba kutoka nyumbani kwa Arlis mpaka ranchini ni barabara moja iliyonyooka, na nyumba ya Twyla iko ng'ambo ya reli, nje ya njia hiyo kabisa.

Arlis anainua mguu wa farasi, anaubana magotini, anachukua msumari uliokuwa mdomoni.

"Nitazunguka," anasema.