Kifua Changu na Karai la Tope

Jamani, hili nawasimulia huku nimeinamisha uso, maana waliokuwepo siku ile ndivani (ndiva ni lile bwawa letu la kumwagilia, huku milimani Upareni) mpaka leo wakikutana nami wanaangalia pembeni.

Mimi nilizaliwa kifua kimebonyea. Nikiogeshwa, maji yanatuama pale katikati, wenzangu wakaniita Bakuli, nami nikaitika hivyo mpaka ndevu zikaota. Basi wakaja madaktari wageni hospitali kubwa ya mjini, wakanipitisha chuma chini ya mbavu kwa vitundu viwili tu vya ubavuni, kifua kikainuka. Wakamwambia mama: asibebe kitu, asijipinde, asinyanyuliwe kwapani, akigeuka ageuke mwili mzima, chuma kisije kikahama kabla mifupa haijashika, maana sisi tukiondoka hatujui kama tutarudi. Mama aliyashika maneno yale kuliko sala ya Baba Yetu.

Kilichoniponza ni fulana. Ndiyo enzi zile mitumba imefunguliwa, mnada wa Same umefurika, nikapata moja ya kubana, na siku ya msaragambo wa kuzoa tope ndivani (kazi ya kijiji kizima, asiyekwenda anasemwa) nikamwambia mama nakwenda kukaa tu. Nikakae wapi! Nilikwenda kuonyesha kifua, na hasa kwa Naelijwa, binti wa jirani.

Watu wamejipanga mstari, karai la tope linapita mkono hadi mkono. Baba Eliamini, msimamizi, akaniona nimekaa juu ya jiwe na wazee.

"We kijana, kifua kimejaa hivyo halafu unakaa na vikongwe?"

Wakacheka. Naelijwa naye akacheka. Ningesema nina chuma yangekwisha, lakini nani aseme ana chuma mbele ya msichana? Nikaingia kwenye mstari, nikapokea karai kulia, nikajipinda kumpa wa kushoto, na humo ndani kitu kikageuka, kak, tope lote likammwagikia Baba Eliamini kichwani, mimi huyo chini. Watu wakaangua kicheko wakidhani ni mzaha (nami nilitamani uwe mzaha), mpaka waliponivua fulana wakaona ncha ya chuma imetutumka ubavuni. Wanaume wawili wakaninyanyua kwa kunishika kwapani, na mama, aliyekuwa anateremka na makande ya wafanyakazi, akaliachia sufuria akipiga kelele, "Msimshike kwapani! Jamani, msimshike hapo!"

Walikuwa wameshanishika.

Hospitali wakakitoa, na wa kukirudisha hayupo, madaktari wale walishakwenda kwao. Nikarudi nyumbani mikono hainyanyuki, mama akaniogesha kama mtoto. Maji yakatuama tena pale katikati. Akayatazama, akayafuta kwa kiganja, na mimi nilitamani anitukane. Iliniuma kuliko kidonda.

Baba Eliamini, masikini, alikuja kuomba radhi na mkungu wa ndizi. Angejuaje, na mimi mwenyewe nilifunga mdomo? Siku hizi pakiwa na msaragambo nakwenda moja kwa moja kwenye jiwe langu, nakaa na vikongwe, na akitokea wa kuniita mvivu naitika kwa sauti, mama naye asikie.