Kuinua Motokari ya Mchungaji kwa Vidole Vitatu

Barua ya dada yangu ilifika Kamina mfukoni mwa mchuuzi wa baiskeli, ikinuka samaki. Aliandika kwamba yuko Kabondo-Dianda, katika darasa la shule ya kanisa, na kwamba anaweza kulalia upande mmoja tu. Askari walipoingia Malemba-Nkulu alikimbia, akabebwa nyuma ya baiskeli, na baiskeli ikaanguka. Nyonga ilivunjika. Walijaribu kumleta kwetu kwa baiskeli nyingine, akazimia kabla hawajamaliza nyumba za kijiji. Mwisho wa barua aliandika: "Wanasema vita inateremka huku. Wenye miguu wameanza kuondoka."

Nilimsomea baba mara mbili. Yeye alikuwa mhunzi katika karakana ya reli, kazi yake mabehewa. Treni za mwaka ule zilikuwa za askari, hazikusimama kwa ajili ya mgonjwa. Ilibaki motokari ya mchungaji wetu, ile ndefu ya kusukumwa na magurudumu yote manne, ambayo ilikuwa imetembea mpaka namba za kilomita zikarudi sifuri na kuanza upya. Resori zake, yaani yale mabamba ya chuma yanayopangwa moja juu ya jingine chini ya gari, zilikuwa zimelala kabisa. Na barabara ya Kabondo malori ya vita yalikuwa yameichimba mifereji miwili, katikati pamebaki tuta la mawe. Motokari ile ingekaa juu ya tuta kama kuku juu ya mayai.

Mchungaji alimwambia baba, "Ukiiinua tena, itaenda."

Kwa hiyo ilitakiwa iinuke, ipite juu ya mawe. Lakini ikiwa ngumu kama lori, nyonga ya dada isingevumilia.

Nilikuwa na miaka kumi na saba. Nilikuwa nimeishia darasa la sita, na wageni wakija nyumbani nilikimbilia jikoni. Kwenye moto wa baba hakuna aliyenidai maneno. Nilivukuta.

Baba alizifungua resori zote nne, akaandika namba ya chaki kwenye kila bamba, kama wanavyofanya kwa mabehewa, asichanganye la mbele na la nyuma. Bamba likishakuwa jekundu, aliligonga polepole juu ya kipande cha reli mpaka mgongo wake unapinda tena, kisha akalitumbukiza kwenye mawese. Mama alitoa mawese yale jikoni, na wakati huo hatukuwa nayo mengi. Harufu ilienea mtaa mzima. Jirani mmoja alimtuma mtoto na sahani.

"Mwambie mama yako tunakaanga chuma," baba alimwambia. "Akitaka, nimuwekee kipande laini."

Bamba likitoka kwenye mafuta lilikuwa gumu lakini la kuvunjika, kwa hiyo lilirudishwa motoni kidogo. Hapo ndipo nilipoacha hata kujifuta jasho. Baba alisugua kijiti cha mti mgumu juu ya chuma. Kwanza kijiti kilikwaruza tu. Alinitazama, nikavukuta. Akasugua tena, na sasa kijiti kiliteleza, kikaacha mstari wa moshi wenye cheche ndogo ndogo. "Hapa," alisema, akalilaza bamba juu ya majivu lipoe lenyewe. Hakuwa na kipimo kingine. Lilipopoa aliliegemeza juu ya mawe mawili, akasimama juu yake na viatu vyake vizito. Liliinama mpaka karibu na ardhi. Alipoteremka, lilirudi mahali pake bila kusukumwa na mtu. Nilikuwa nimekula chakula cha kazi ile tangu kuzaliwa, na sikujua kwamba hii ndiyo ilikuwa kazi yenyewe.

Kila resori aliiongezea bamba moja lililokatwa kutoka lori lililokufa. Dereva wa mchungaji, mzee aliyewahi kuendesha magari ya migodi, alikuja kutazama.

"Mukubwa, inua sana," alisema. "Tupite juu ya nyumba za batu."

"Vidole vitatu," baba alijibu. "Nikizidisha, weye shofere utalala ubavu kwenye kona ya kwanza, na mutoto wangu juu yako."

Kwenye masikio ya resori, pale bolti inapopita, palihitajika pete za mpira. Za dukani hazikuwepo. Nilizikata kutoka tairi la lori kwa kisu na kwa bomba lililotiwa moto, siku mbili, mpaka tairi likatoa seti mbili kamili na makombo. Baba alifunga kila kitu motokari ikiwa imeinuliwa juu ya magogo, magurudumu yakining'inia. Alikaza bolti kwa nguvu zake zote, ndipo tukaishusha. Ilisimama juu, nzuri, kama ng'ombe aliyeamka.

Dereva aliizungusha mpaka stesheni na kurudi. Ilirudi ikilia kila upande, ikiruka kwenye vijiwe vidogo. Tulipofungua, pete zangu zilikuwa zimechanika kama zimetafunwa.

Dereva alivua kofia. "Mukubwa, niseme?"

"Sema."

"Hii haiko wago ya reli. Kwa wago, chuma iko ndani ya chuma, unafunga popote inazunguka. Mupira haizunguke. Ulikaza bolti magurudumu ikiwa hewani, mupira ikashikwa vile. Motokari iliposhuka, mupira ilikuwa imekwisha kujinyonga mbele ya kwenda hata hatua moja. Inafaa kukaza ikiwa chini, na muzigo wake wote ndani."

Sikuwa nimewahi kusikia mtu akimrekebisha baba kwenye chuma. Nilitazama vidole vya miguu yangu. Baba alikaa chini mavumbini, akaokota pete iliyochanika, akaishika huku na huku na kuinyonga, mara nyingi. Kisha akasema, "Njo vile. Miaka yote hii nafunga wago, na miye nimefunga hii kama wago." Akampa dereva kigoda chake akalie. Niliona kitendo hicho ni kikubwa kuliko moto na mawese.

Ilibaki seti moja ya pete, na tairi jingine hatukujua pa kulipata. Mzigo nao ulikuwa tatizo, kwa maana nani alikuwa na magunia ya mahindi? Dereva alihesabu: godoro na mgonjwa, pipa la mafuta, yeye, mimi wa kumshika dada. Jumapili, baada ya ibada, baba aliwaendea wanakwaya mlangoni mwa kanisa, akawaomba wawe mzigo wetu.

Walipanda wakiwa na vitambaa vyao vyeupe, wakicheka. Dereva aliwapanga.

"Mama, weye peke yako unatosha upande wa kushoto," alimwambia kiongozi wao.

"Na weye kaa juu ya taa," alijibu, "maana hauna kilo hata moja."

Mimi nilikuwa sehemu ya mzigo, kwa hiyo nilibanwa katikati yao, sina pa kukimbilia. Wakaanza wimbo wa Kiluba, na motokari ikaanza kuyumba kwa kuufuata.

"Muimbe, lakini musicheze!" baba aliita kutoka chini yetu.

Wakaimba wakiwa wamenyooka kama wako mbele ya picha. Niliimba nao. Chini ya sauti zetu nilisikia ufunguo wa baba ukikaza bolti moja baada ya nyingine. Alipotoka, alipima kwa kamba yenye mafundo kutoka kitovu cha gurudumu hadi bawa la bati lililo juu yake. Vidole vitatu juu ya kipimo cha zamani, pande zote nne.

Tuliondoka Jumatatu. Kwenye mifereji nilisikia majani ya tuta yakipangusa tumbo la motokari, majani tu. Kabondo-Dianda tulimkuta dada yuko peke yake na mwanamke mmoja mzee aliyekataa kuhama katika darasa lile, wengine wamekwenda. Tulimlaza dada kwenye godoro, nikamshika kiuno kwa mikono miwili. Mwanzoni alinibana mkono kwa kila shimo. Baadaye vidole vyake vililegea, na nilidhani amezimia tena, nikaweka sikio puani kwake. Alikuwa amelala. Dereva aliona kwenye kioo, akaacha kupiga mluzi. Daraja la magogo, ambalo nililiogopa tangu asubuhi, tulilipita hivyo, resori zikipanda na kushuka chini yetu kama kifua cha mtu.

Kamina, baba alikuwa akitungoja, akafungua mlango wa nyuma. Dada aliamka.

"Daraja lilikuumiza?" baba aliuliza.

"Daraja gani?" alisema dada.

 Baba akaniambia nitangulie nyumbani kwa daktari kumwita, na nikaenda, nikagonga mlango wa watu nisiowajua, nikaeleza yote mwenyewe.