Kiti cha Chini Kabisa

Ukimuuliza Mwalimu Pang Xiujie dini yake ni ipi, atakujibu kwamba hana, kisha atakuomba radhi amalize kuwasha udi mbele ya kibao chenye jina la babu yake. Kwake hakuna kinachogongana hapo. Udi si dini, udi ni adabu. Mtu haachi kumwamkia babu yake kwa sababu tu babu amekufa.

Nimeshaulizwa kwa lugha nne kama mafunzo ya mzee Kong, yule ambaye Wazungu walimpa jina la Konfusio, ni dini au ni falsafa. Hapa Moutang, kusini mwa China, swali hilo huwachekesha watu. Hapa ni namna ya kujua nani aanze kula.

Mwalimu Pang ana miaka sitini na saba. Amefundisha shule ya msingi ya kijiji kwa miaka thelathini na minane, na hata baada ya kustaafu hajaacha. Amebadilisha wanafunzi tu. Sasa anawafundisha majirani, wauza tofu na mtu yeyote anayefunga baiskeli karibu na mlango wake. Somo ni lile lile. Baba na mwana, mume na mke, mkubwa na mdogo, mtawala na raia, rafiki na rafiki: kila mtu ana ngazi yake. Wa juu amtunze wa chini, wa chini amheshimu wa juu, na kila mmoja akijua pa kuweka mguu, dunia itatulia. Dunia haijatulia, lakini Mwalimu anasema hiyo ni kwa sababu watu hawasikilizi.

Sasa, mtu kama huyu, mbingu zilipaswa kumpa maisha yaliyonyooka. Zikampa Pang Dekuan.

Dekuan ana miaka arobaini na mitatu. Alikuwa mwanafunzi wa Mwalimu kwa miaka sita, na katika miaka hiyo alilala darasani kiasi kwamba wenzake walimwekea kitambaa chini ya shavu asichafue daftari. Kwa ngazi ya shule, basi, Mwalimu yuko juu. Lakini wote wawili ni wa ukoo mmoja, na katika ukoo wa Pang kila kizazi kina neno lake katika jina. Wenye "De" ni kizazi cha baba yake Mwalimu. Wenye "Xiu" ni watoto wao. Tawi la kina Xiujie limeteremka kwa wazaliwa wa kwanza wanaooa mapema, la kina Dekuan limeteremka kwa vitinda mimba wanaooa wakati nywele zinaota mvi. Matokeo yake ni kwamba kijana aliyekuwa akitokwa na udenda darasani ni baba mdogo wa mwalimu wake.

Nani amwamkie nani? Mwalimu alilifikiria jambo hili kwa makini, akakuta ngazi mbili zote ni halali na hakuna iliyo juu ya mwenzake. Akapata jibu la kisomi: asikutane naye. Kwa miaka ishirini, kila alipomwona Dekuan akija kwa njia ya bwawa, Mwalimu alizunguka upande wa pili. Bata wa kijiji walishazoea. Wakimwona anageuka ghafla, wanampisha.

Dekuan yeye hakuzunguka popote. Ni kuhani wa Tao, kazi aliyorithi kwa ndugu wa babu yake pamoja na joho lenye mabaka ya nta, upatu na ngoma. Tao maana yake Njia, na watu wa Njia wanasema ulimwengu unakwenda vizuri zaidi usiposukumwa. Maji hayagombani na jiwe, yanapita chini yake, na mwishowe jiwe ndilo linaloondoka. Hiyo ndiyo falsafa. Dini nayo ipo: mbinguni kuna maofisa wenye mihuri, madawati na zamu, na kuhani anawaandikia barua, anazichoma, na moshi unazipeleka. Ukimwambia Dekuan kwamba mtu asiyesukuma mambo hana haja ya kuandika barua nyingi namna hiyo, anakubali, anacheka, halafu anakuuliza kama una kalamu.

Mwalimu alimwita "mpiga upatu". Aliapa mbele ya ukumbi mzima wa ukoo kwamba kelele hizo hazitavuka kizingiti chake.

Halafu, mwishoni mwa mwezi wa nane wa kalenda ya kale, mama yake akaacha kula.

Bibi Nong ana miaka themanini na tisa na hajawahi kuumwa kitu chenye jina. Asubuhi moja alisukuma bakuli la uji wa mchele, akasema, "Mchele wangu umeisha."

"Gunia limejaa, mama," alisema Mwalimu.

"Sisemi wa gunia. Nasema wangu."

Kila mtu Moutang anajua maana yake. Mtu huzaliwa amepimiwa mchele wake huko juu. Akizeeka sana, akiba inakwisha, na watoto wake wanapaswa kumwongezea: mchele wa kutoka nyumba nyingi, ukimiminwa kwenye mtungi wake, kuhani akiwaarifu maofisa wa mbinguni kwamba mama huyu ameongezewa, wasilifunge faili lake.

Daktari wa kituo cha afya alikuja, akampima, akasema ni uzee. Bibi Nong akamwambia hilo hata bata wanalijua. Siku ya tano alikuwa anakunywa maji na vijiko viwili vya mchuzi. Siku ya saba, kijiko kimoja. Alikuwa akififia huku amekaa kwenye kiti chake cha henzirani, bila hasira, kama mtu anayesubiri gari.

"Mwite Dekuan," alisema Cuizhen, mke wa Mwalimu.

"Heshima kwa mama ni kumlisha, kumvika, kumsikiliza. Upatu haumo."

"Umesema kumsikiliza. Unamsikiliza?"

Mwalimu alitoka kwenda kutazama mboga ambazo hazikuwa na shida yoyote. Aliporudi alikuta kikapu cha mchele mlangoni, mweupe, mwekundu, mrefu, mfupi, wa nyumba sitini na mbili. Cuizhen alikuwa ameuomba nyumba kwa nyumba, na kila nyumba ilitoa kiganja kimoja. Wauza tofu walitoa viwili, wakaomba wasifundishwe kwa mwezi mmoja.

Basi akakaa kuandika mwaliko. Karatasi nyekundu, brashi, wino aliousaga mwenyewe. Na hapo akakwama. "Kwa mwanafunzi wangu" haikuwezekana. Mtu haandiki hivyo kwa mkubwa wake wa ukoo. "Kwa baba mdogo mheshimiwa" nayo mkono uligoma kuiandika. Alikaa tangu asubuhi hadi mchana, na mama yake akamtazama kutoka kitini.

"Unaandika nini muda wote huo?"

"Natafuta neno la kuanzia, mama."

"Harakisha. Mimi natafuta la kumalizia."

Mwishowe aliacha nafasi tupu juu, akaandika siku na saa, akampa Cuizhen apeleke.

Siku ilikuwa tarehe tisa ya mwezi wa tisa, sikukuu ya wazee. Dekuan alifika kwa mlango wa jikoni, joho limekunjwa kwapani, upatu na ngoma mgongoni, ndoo ya samaki mkononi kwa sababu alikuwa ametoka bwawani. Mwalimu alikuwa amemsubiri mlango wa mbele, amevaa koti la sherehe. Alimsikia nyuma, akakimbia, wakagongana karibu na jiko.

"Shikamoo!" walisema wote wawili, kwa sauti moja.

Hakuna aliyethubutu kuitikia marahaba, kwa maana kuitikia ni kukubali kuwa juu.

"Marahaba!" alijibu Bibi Nong kutoka sebuleni. "Wote wawili. Leteni samaki ndani wasije wakafa na wao."

"Nimepata mwaliko wako, Mwalimu," alisema Dekuan. "Hauna jina la mtu. Sisi watu wa Njia tunapenda sana vitu visivyo na jina. Nimeubandika ukutani."

Mwalimu alitazama dari. "Karibu uketi," alisema, na kwa hiyo sentensi moja akajichimbia shimo.

Meza ya sebuleni ni ya mraba, yenye mabenchi manne. Benchi linalotazama mlango ni la mkubwa kuliko wote, la pembeni ni la anayefuata, na linaloupa mlango mgongo ni la mdogo. Mwalimu alionyesha benchi la juu.

"Hapana, hapana," alisema Dekuan. "Mbele ya mwalimu wangu? Utanichapa tena." Akaenda kukaa benchi la mgongo wa mlango.

Mwalimu akabaki amesimama. Mtoto hakai juu ya baba yake mdogo. Akatazama huku na huku, akavuta kigoda ambacho Cuizhen hukalia akichochea moto, kifupi, kimeungua upande mmoja, akakikalia kwa heshima kubwa, magoti yamefika kidevuni.

"Aa, Mwalimu, unaniua," alisema Dekuan. Akainuka, akapindua kikapu cha kulishia bata, akakikalia.

Kikapu kilikuwa kifupi kuliko kigoda kwa vidole vitatu. Mwalimu alivipima kwa macho. Akainuka, akasukuma kigoda kando, akakaa juu ya mkeka mdogo wa kufutia miguu.

"Mwalimu!"

"Adabu ni adabu, Ba... ba mdogo."

Lilitoka. Miaka ishirini, na lilitoka kutoka kwenye mkeka wa kufutia miguu. Cuizhen, aliyesimama mlangoni na sahani ya karanga, alikwenda kuiweka chini kabla haijamponyoka.

Dekuan alimtazama mzee yule aliyekaa chini na koti lake la sherehe. Hakutania. Alikisogeza kikapu, akashuka taratibu, akakaa kwenye sakafu tupu. Ndiyo tabia ya maji, angesema, kwenda pale ambapo hakuna mwingine anayetaka kuwa. Lakini hakuzoea kushindaniwa. Mwalimu akajivuta kutoka kwenye mkeka, naye akagusa sakafu. Wakakaa wakitazamana, wapole, wamekata pumzi. Dekuan akaanza kuinamisha mgongo ili walau kichwa chake kiwe chini. Mwalimu akainamisha chake. Karibu walale.

Sauti ilitoka kwenye kiti cha henzirani. Mwanzoni walidhani ni kikohozi.

"Endeleeni," alisema Bibi Nong, machozi yanamtoka. "Mkishuka kidogo tu zaidi mtamkuta marehemu mume wangu. Mwambieni nachelewa." Akacheka tena, akashika mbavu, akacheka mpaka kiti kikalia. "Shemeji Dekuan! Tangu nizaliwe sijaona wanaume wakigombea sakafu. Cuizhen, mkwe wangu, hivi kuna uji?"

Hakuna aliyesogea.

"Nimeuliza kama kuna uji. Na samaki mmoja wa shemeji, mdogo, msimtie tangawizi nyingi."

Cuizhen aliingia jikoni mbio, kelele za sufuria zikafuata.

Dekuan alijipangusa vumbi. "Basi, Mwalimu. Mama amepata hamu ya kula. Mimi naweza kurudi na upatu wangu, na kizingiti chako kitabaki salama. Sijafanya kitu."

"Ndivyo mnavyofanya kazi, kumbe? Kutofanya kitu?"

"Siku nzuri, ndiyo."

Mwalimu aliinuka kwa kushika mguu wa meza. "Nyumba sitini na mbili zimetoa mchele. Siku imepangwa, saa imepangwa. Jambo likianzwa linamalizwa kwa utaratibu wake. Toa hiyo ngoma."

"Na upatu?"

"Na upatu."

Hivyo mwenye upatu akawa anajaribu kuondoka, na yule aliyeapa kuukataa akawa amemzibia mlango. Dekuan akavaa joho, akatoa barua ya mbinguni aliyoiandaa usiku uliotangulia, akaiweka mezani. Mwalimu akaiona, na uso ukamkunjamana.

"Huu ndio mwandiko wako?"

"Ndio ule ule, Mwalimu. Haujaharibika, haujatengenea."

"Unampelekea ofisa mkubwa karatasi kama hii kwa ajili ya mama yangu? Hata karani wa wilaya angeirudisha." Akavuta karatasi ya manjano, akaketi, bila kuchagua, kwenye benchi la juu kabisa, na akaanza kuiandika upya. Jina la mama, kijiji chake, mwaka na saa aliyozaliwa, idadi ya watoto. Alivuta kila mstari kama anayeandikia ubao wa mlango wa hekalu. Dekuan alisimama pembeni akimsagia wino, na kwa mara ya kwanza tangu darasa la kwanza hakusinzia.

Upatu ulilia. Bata wakakimbilia bwawani. Mtungi mdogo wa udongo ulifunguliwa kitambaa chake chekundu, na Mwalimu akapiga magoti, akaumiminia mchele kwa kipimo cha mwanzi, mara tatu na mara tatu tena. Bibi Nong alisimamia shughuli yake akiwa na bakuli mkononi, akitafuna samaki.

Dekuan akainua barua, akaisoma kwa sauti ya puani wanayotumia makuhani. Alifika karibu na mwisho, akanyamaza. Akaisogeza karibu na macho.

"Mwalimu. Mimi nilikuwa nimeomba miaka kumi na miwili."

"Hm."

"Hapa pameandikwa ishirini."

Mwalimu Pang alikuwa amejiinamia juu ya mtungi, na masikio yake yalikuwa mekundu. "Kama mtu anapeleka maombi," alisema, "apeleke maombi yanayoeleweka. Soma."

Dekuan alisoma ishirini, kwa sauti kubwa, akaigusisha barua na moto wa mshumaa.

"Ishirini!" alisema Bibi Nong, mdomo umejaa. Alimtazama mwanawe aliyepiga magoti, mvi zake, mgongo wake, akapiga hesabu. "Nani atanipikia uji nikiwa na mia na tisa? Andikeni barua nyingine upesi, kabla moshi wa hii haujafika. Na huyu naye mwongezeeni."