Mkunga na Tapeli wa Nywila

Bibi mmoja, mkunga mstaafu mwenye ulimi wa pilipili, alikuwa akifuta vumbi kwenye kompyuta yake simu ilipoita. Kijana akajitambulisha kuwa ni fundi.

"Mama, kompyuta yako ina virusi. Nipe nywila niitibu."

Redio ilishaonya kuhusu matapeli wanaojifanya mafundi.

"Inaharisha?" bibi akauliza.

Kijana akarudia kuomba nywila.

"Mama yako ana kompyuta?" bibi akamuuliza.

"Anayo."

"Mwambie asimpe nywila mtu yeyote anayempigia, hata akijiita fundi."

Kijana akauliza taratibu, "Na kama ameshampa mtu?"

"Aibadilishe leo, mwanangu. Nawe katafute kazi."

"Asante, mama," tapeli akasema, akakata simu.

Bibi alicheka mpaka akakohoa. Kisha akabadilisha na nywila yake, maana ilikuwa jina la paka wake, na mtaa mzima ulimsikia akimwita kila jioni.