Damu Isiyotoka Inakwenda Wapi

Mwaka 2013 binti yangu wa pili aliletwa kwangu Kasulu kutoka kwa mumewe, Kibondo, viganja vimekuwa vyeupe. Tangu azae mtoto wa tatu, hedhi ilimtoka kama amechinjwa. Akiamka anashika ukuta. Udongo ule wa sokoni wanaotafuna wajawazito, alitafuna mchana kutwa, na mimba hana.

Mimi hata darasa la pili sikumaliza. Nyumba yangu ya matofali ya kuchoma nimeijenga kwa kuuza mawese, na mgonjwa wangu nampeleka zahanati mwenyewe. Nesi, mama aliyehamishiwa kwetu kutoka mbali, alimtoboa kidole, akasema damu iko chini, madini ya chuma yamemwishia. Akampa vidonge vya kuongeza damu, na sindano ya uzazi wa mpango, ile ya miezi mitatu.

"Vidonge vinajaza," aliniambia. "Sindano inapunguza kinachomwagika."

Hapo sikuhitaji kitabu. Debe la mawese likivuja, huliponyi kwa kuongeza mafuta.

Mwanzoni damu ilimsumbua, inadondoka kidogo kidogo bila siku maalumu. Nesi alikuwa ametuonya. Baada ya sindano ya pili ikakata kabisa. Binti akaacha udongo, akaanza kutwanga.

Ndipo akaja mkwe wangu, mama wa mumewe, na chupa ya dawa ya mizizi ya kuishusha damu.

"Mkwe, huyu damu inamwozea tumboni. Miezi yote hiyo inakaa wapi?"

"Wewe ulikoma hedhi lini?"

"Zamani sana."

"Na yako imekaa wapi? Mbona hujapasuka?"

Alicheka bila kupenda. "Sisi wazee, bwana. Huyu bado anazaa."

Dawa binti hakuionja. Siku ya sindano ya tatu tulikwenda wote. Nesi akamtoboa tena: damu imepanda. Akamweleza mkwe kwamba sindano inafanya utando wa ndani ya kizazi uwe mwembamba, basi hakuna cha kubomoka na kutoka. Hakuna damu iliyofungiwa. Iko mwilini, inafanya kazi.

"Na mimba je?"

"Akiacha sindano inaweza kuchelewa miezi kadhaa, hata mwaka. Kisha inakuja."

"Mmesikia? Mwaka!"

Binti yangu, ambaye mbele ya mama mkwe huongea akitazama chini, safari hii alitazama juu. "Mama, yule wa tatu nusura aniue. Wa nne nitamzaa nikiwa na damu ya kumzalia. Leo nachoma sindano."

Akaingia chumba cha sindano na nesi, akafunga mlango.

Mkwe akanigeukia, eti nimemharibia mke wa mwanawe. Nikamwambia asubiri amwone shambani. Kweli, binti alirudi Kibondo, akalima na kupanda maharage kwa mikono yake. Mkwe hakunitumia salamu msimu mzima. Maharage alikula.