Zablon na Pikapu ya Besi
Kwaya ya Wamoraviani kule Igalula ilikuwa na tarumbeta tano, na nyuma ya tarumbeta alisimama Zablon, amekumbatia besi ya kusimama, ala ya nyuzi inayomzidi kimo. Miaka kumi na tisa anapiga, na mtu wa benchi la tatu hajawahi kumsikia. Tarumbeta zinammeza mzimamzima. Lakini heshima anayo, jamani! Ndiye mwalimu wa kwaya, na sikio lake ndilo sheria.

Sikio hilohilo ndilo lililomtoa Recheli kwenye kwaya. "Mama Silasi, unashusha sauti, huifikii noti," alimwambia mbele ya wenzake. Mara ya nne akamwambia akakae na waumini wengine. Recheli alikunja sare yake, akaikabidhi, akaondoka. Huu mwaka wa pili.

Basi kwaya ikapata spika, na Zablon akapanda treni hadi Tabora mjini, kwa fundi Awadhi, kuchagua pikapu, kile kidude kinachonasa mlio wa nyuzi na kuupeleka kwenye spika. Awadhi akamwekea mbili mezani. Moja ya sumaku, ya kufunga chini ya nyuzi, mlio wake mnene, unafunikafunika mambo. Nyingine ya kubandika kwenye daraja, kile kibao kinachobeba nyuzi.

"Hii haifichi kitu, mzee wangu. Hata ukucha utasikika."

"Nifiche nini mimi?" Zablon akacheka, akachukua ya kubandika. Kiburi hicho, we acha tu!

Jumapili, wimbo wa kwanza, besi ikanguruma hadi mlangoni. Shingo ya besi ile haina alama ya kukuonyesha kidole kikae wapi. Unategemea sikio tu. Na kidole cha Zablon kilikuwa kinakaa pasipo pake. Kila noti ilikuwa chini, kidogo tu, lakini chini. Wapiga tarumbeta wakageuka. Mchungaji akakohoa. Zablon akaendelea kupiga, na wimbo una beti sita! Aibu ilimkaba hasa kwa sababu hakushangaa. Mara ngapi aliwahi kuhisi kitu kinakwaruza, akatafuta wa kumtupia lawama?

Ibada ilipokwisha alikwenda moja kwa moja kwa Recheli, akamkuta uani anabangua karanga, bado na gauni la kanisani.

"Shikamoo, mwalimu."

Zablon akachuchumaa mbele yake. "Mama Silasi, aliyekuwa anashusha ni mimi. Nilikuonea, tena mbele za watu. Nisamehe."

Recheli akabangua karanga mbili, tatu, kabla ya kuinua macho.

"Leo ndiyo nimeelewa," akasema taratibu. "Wenzangu walikuwa wanachukua sauti kwenye tarumbeta. Mimi nilisema huyu ndiye mwalimu wangu, nikawa naichukua kwenye besi yako."